Upande Gani Umelika Zaidi

Mwalimu wetu wa Fasihi ya Kiingereza alitumia vipindi vitatu vya dakika arobaini kufundisha kishikio cha ngazi. Kishikio tu. Tulikuwa kidato cha tano, mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, katika shule moja ya bweni huku kwetu Bunda. Wengi tulikuja na madesa tuliyorithi kwa kaka na dada waliotutangulia, kila swali na jibu lake, na tulitarajia kitabu kizima kiishe ndani ya wiki mbili. Wiki mbili zilikatika tukiwa bado sura ya kwanza.

Kitabu chenyewe kilikuwa The Beautyful Ones Are Not Yet Born, riwaya ya Mghana Ayi Kwei Armah iliyotoka mwaka 1968, miaka miwili baada ya Kwame Nkrumah kupinduliwa. Mhusika mkuu hapewi jina. Ni mfanyakazi wa ofisi ya reli, mtu wa mshahara mdogo, asiyekula rushwa, na kwa sababu hiyo hata mkewe anamwona amelala. Mapema kabisa katika hadithi mtu huyu anapanda ngazi kwenda ofisini, na hapo mwandishi anasimamisha kila kitu. Anaiacha kazi, anamwacha mtu, anakaa kwenye ule ubao wa kushikia: ulivyooza kwa ndani, unavyosuguliwa na kung'arishwa, na jinsi uchafu wa mikono unavyoushinda mng'aro kila mara.

Katika madesa yetu mambo yote hayo yalikuwa mstari mmoja. Kishikio cha ngazi: rushwa. Chini yake: ndege chichidodo, unafiki, kwa kuwa anachukia kinyesi lakini chakula chake ni funza wa humo humo. Chini yake kitu kingine na maana yake, hadi mwisho wa ukurasa. Ukiimeza orodha hiyo, unakwenda kuitapika kwenye mtihani wa taifa.

Madamu, ndivyo tulivyomwita mwalimu wetu, hakutukataza madesa wala hakuyasema vibaya. Alituuliza swali moja tu.

"Nani kati yenu amewahi kupanda ngazi zenye kishikio?"

Mikono minne ikanyooka. Sisi wengine tulikuwa watoto wa Nyamuswa, Kibara, Kisorya, Mugeta, vijiji vya nyumba za chini. Ngazi tulizozijua ni za kupandia juu ya paa wakati wa kuezeka, au zile za mlango wa basi. Madamu akaitazama ile mikono minne, akafunga kitabu, akatoka kabla kengele haijalia. Tulidhani amekasirika.

Jumamosi yake alituchukua mjini kwa miguu, tumevaa sare, hadi kwenye jengo moja la ghorofa karibu na stendi. Alikuwa amekwishaomba ruhusa. Ngazi zake zilikuwa za zege, na kishikio kilikuwa cha bomba la chuma lililopakwa rangi ya bluu. "Si mbao," akasema, "lakini mikono ni ile ile." Akatutuma mmoja mmoja tupande polepole, kiganja juu ya chuma, hadi juu, kisha tushuke. Mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Madamu akamwamkia vizuri, akamjibu, "Tunasoma, baba."

Nilikuwa wa saba au wa nane kupanda. Nakumbuka ubaridi wa lile bomba, na jinsi lilivyonata kidogo pale chini, karibu na mlango, mahali ambapo watu huingia mikono ikiwa na jasho la jua. Katikati rangi ilikuwa nzima. Kwenye kona, pale ngazi zinapogeuka, rangi ilikuwa imekwisha kabisa na chuma kinang'aa kama sarafu, kwa sababu kila anayepanda hukaza mkono pale ili ageuke. Madamu alikuwa amesimama hapo hapo konani. Alipitisha leso nyeupe juu ya chuma, mara moja, akatuonyesha alama iliyobaki. Haikuwa nyeusi kama nilivyodhani. Ilikuwa ya kahawia, na mafuta kidogo.

Tulipokusanyika chini akauliza tumeona nini. Mwenzetu mmoja, mwepesi wa kujibu, akasema kwa sauti: "Rushwa, madamu!"

"Rushwa umeiona wapi?" akamuuliza kwa upole kabisa. "Mimi nimeona rangi imetoka kwenye kona."

Nimelifikiri jibu lile kwa miaka mingi. Ufundi wote wa yule mama ulikuwa ndani yake. Sisi tulikuwa tumefundishwa kwamba kitu katika kitabu ni kama bahasha: unaipasua, unachukua barua, unaitupa. Yeye alitaka tuishike bahasha, tuitazame stempu, tujue imepitia mikono ya nani. Maana yenyewe aliisubiri hadi ije, na ikichelewa hakuwa na neno. Nimewahi kumwona akikaa kimya dakika nzima baada ya swali, chaki mkononi, huku darasa linajikuna na kukohoa. Mwalimu mwingine angejibu mwenyewe ili kipindi kiende. Kukaa kimya mbele ya vijana arobaini ni kazi ngumu kuliko kusema, na anayebisha aende akajaribu.

Jumatatu alitupa kazi ya kuandika. Kila mtu aandike mistari kumi kuhusu kitu kimoja cha nyumbani kwao kilicholika kwa mikono ya watu. Masharti yalikuwa mawili: tusitumie neno lolote lenye maana ya kuashiria, kuwakilisha au kudokeza, na tusiandike kitu tusichowahi kukishika.

Mimi niliandika mpini wa jembe la bibi yangu wa Nyamuswa, aliyenilea tangu nikiwa na miaka mitatu. Nilidhani ninaujua mpini ule kama jina langu. Niliandika kwamba ni mti mgumu, kwamba ulikuwa mweupe ulipochongwa na sasa una rangi ya asali mbichi, kwamba umelika mahali pawili palipo na mikono, na kwamba bibi hakopeshi jembe lile, hata kwa shemeji zake, hata wakati wa palizi ya pamba ambapo kila nyumba inaazima kwa jirani. Nilijivunia sana ile asali mbichi.

Madamu alisahihisha kwa penseli, siku zote kwa penseli, kwa sababu, alisema, kazi ni yetu na sisi ndio tunaoamua kufuta au kuacha. Asali mbichi hakuigusa. Sarufi yangu mbovu aliipigia mstari mwembamba. Chini ya ukurasa aliandika swali moja kwa herufi zake ndogo zilizolala: upande gani umelika zaidi?

Sikuwa na jibu. Nilikaa na lile daftari hadi taa za prepo zikazimwa, nikijaribu kuuona ule mpini kichwani, na kila nilipougeuza ulikuwa laini pande zote kama mpini wa kuchora. Likizo ilikuwa bado miezi miwili.

Jambo jingine lazima nilieleze, kwa sababu bila hilo ufundi wake hauonekani wote. Kipindi kilikuwa cha Kiingereza. Nilikosoma kidato cha kwanza hadi cha nne, aliyenaswa akizungumza Kiswahili alivalishwa kibao shingoni, akakaa nacho hadi amnase mwenzake. Nimekivaa kibao kile. Kilinifundisha kunyamaza vizuri sana, na nikaingia kidato cha tano nikiwa na alama nzuri na mdomo mzito. Madamu alikuwa na utaratibu wake. Ukikwama, alikwambia ulichukue wazo kwa lugha lililokujia nayo. Ukiona kitu kwa Kijita, kiseme kwa Kijita, mwenzako akitie Kiswahili, kisha darasa zima tukitafutie Kiingereza chake ubaoni, neno kwa neno, tukibishana. Ilikuwa safari ndefu. Lakini Kiingereza kilichofika ubaoni kwa njia hiyo kilikuwa chetu, na nadhani hakuna aliyekisahau.

Kwa mfano, kwenye orodha ya tamthilia tulikuwa na An Enemy of the People ya Mnorwe Henrik Ibsen, ya mwaka 1882. Daktari wa mji anagundua kwamba maji ya bafu za tiba, zinazouletea mji wake wageni na fedha, yamechafuliwa na viwanda vya ngozi vilivyo juu. Anadhani watamshukuru. Madesa yalisema maji ni jamii iliyooza. Madamu alianza kwa kuuliza bomba linaingilia wapi, viwanda viko upande gani wa mteremko, na kwa nini watu wa mji hawauonji uchafu mdomoni. Mtoto wa mwaloni na mtoto wa mlimani wote walikuwa na la kusema kuhusu maji. Ibsen hakupata shida Bunda.

Ila siku iliyobaki kwangu kuliko zote ni siku ya pango.

Ndani ya riwaya ya Armah, yule rafiki wa mhusika mkuu anayeitwa Mwalimu amewahi kusimulia hadithi ya pango la Plato, Mgiriki wa kale, ambayo asili yake ni kitabu cha saba cha Jamhuri. Madamu aliona hatuwezi kupita hapo bila kwenda kwa Plato mwenyewe, basi akatuhadithia. Watu wamefungwa minyororo pangoni tangu utoto, nyuso zao zimeelekea ukuta. Nyuma yao kuna moto, na kati yao na moto wanapita watu wamebeba sanamu za vitu. Wafungwa wanaona vivuli tu, na vivuli hivyo ndiyo dunia yao yote. Mmoja anafunguliwa, anageuzwa, anapandishwa hadi nje. Jua linamuumiza macho. Akizoea, anaona vitu vyenyewe. Akirudi kuwaambia wenzake, wanamwona ameharibika.

Tulikuwa tunaandika kwa kasi. Nuru ni ukweli, giza ni ujinga, mlingano ulikwisha. Ndipo akanyoosha mkono mwenzetu mmoja wa Kibara, kijana mpole aliyekaa dirishani, ambaye nadhani tangu muhula uanze alikuwa hajasema sentensi mbili.

"Madamu, samahani," akasema. Kisha akageukia Kiswahili. "Kwetu taa ndiyo inayoua."

Wachache wakacheka. Madamu akaweka chaki chini, akavuta stuli, akaketi. Alivyoketi ndivyo darasa lilivyonyamaza.

Yule kijana akaeleza. Baba yake alikuwa mvuvi wa dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa umelala. Mitumbwi hutoka na karabai, taa za pampu zinazowashwa kwa mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Taa huelea juu ya maji, mvuvi anasubiri. Dagaa wanaifuata nuru kutoka gizani, wanajaa, wanazunguka, na nyavu hupita chini yao. Mbalamwezi ikianza, uvuvi unalala, kwa sababu nuru imetapakaa ziwa zima na taa ya mtu haina nguvu tena. Usiku wa giza, akasema, ukisimama ufukweni unaona taa nyingi hadi unafikiri kuna mji katikati ya ziwa. Basi yeye hakuelewa kwa nini Plato anaona kila anayeifuata nuru anaelekea kwenye ukweli.

Nilimtazama Madamu. Angeweza kumsifu na kuendelea. Angeweza kusema, na angekuwa sahihi, kwamba Plato ametofautisha moto wa ndani ya pango na jua la nje, kwa hiyo hoja ina majibu. Hakufanya hivyo bado. Alianza kuuliza habari za dagaa. Wanafika kwa kundi au mmoja mmoja? Wakifika wanazunguka kuelekea upande gani? Taa ikizimwa ghafla inakuwaje? Mvuvi anajuaje wametosha? Kijana alijibu yote, uso unafunguka, mikono inaonyesha. Maswali saba, nilihesabu. La mwisho lilikuwa hili: dagaa wanajua ile ni karabai?

"Baba anasema wanadhani ni mwezi," kijana akajibu.

Madamu akasimama, akachukua chaki. "Haya," akasema, "fungueni kitabu. Kwenye riwaya hii mwezi uko wapi, na karabai iko wapi?"

Tulitumia siku mbili kuutafuta mwanga katika kitabu kile, ukurasa kwa ukurasa, kama wanawake wa mwaloni wanavyochambua dagaa na mchanga. Na mwanga ulikuwamo kila mahali. Kuna hoteli kubwa nyeupe juu ya kilima, inayowaka usiku, ambayo hakuna wa mtaani anayeweza kutoitazama. Kuna mng'ao wa magari, wa vinywaji, wa nyumba ya waziri Koomson, na mwandishi ameuweka mng'ao huo kama kitu kimoja chenye nguvu ya kuvuta. Watu wanaelekea huko wakizunguka pamoja. Na kuna ile nuru nyingine, ya yule aliyetoka pangoni, inayoumiza macho na isiyopendwa na mtu. Armah ameweka nuru mbili katika kitabu kimoja na hajatuwekea alama ya kuzitofautisha. Nimesoma uchambuzi wa wasomi wakubwa kuhusu riwaya ile tangu wakati huo. Sijaona ulioniingia kama ule wa mtoto wa mvuvi wa dagaa.

Kuna walimu wenye elimu kubwa kuliko ya Madamu. Anachowashinda wengi ni hili la kujua wakati wa kuketi chini. Wazo la mwanafunzi linapotokea ni kama kifaranga kinapotoboa yai, ukilisaidia kwa kidole unaliua. Aliuliza habari za dagaa kwa sababu alitaka dagaa wawe dagaa kwanza, wenye idadi na mzunguko na harufu, ndipo waweze kubeba uzito wa Plato bila kuvunjika. Mfano uliochukuliwa mbiombio hufa njiani.

Muhula uliofuata alituletea Shakespeare kwa mlango wa jirani. Butiama si mbali na Bunda, ukishika barabara ya Musoma. Kule alizaliwa Julius Kambarage Nyerere mwaka 1922, na mwaka 1934 akaanza shule Mwisenge, Musoma mjini, kabla ya Tabora, Makerere, na Edinburgh, ambako kati ya mwaka 1949 na 1952 alisoma pamoja na mambo mengine falsafa ya maadili. Watoto wa Mara tunaimba habari hizi tangu darasa la kwanza. Jambo ambalo wengi wetu hatukuwa tumelishika mkononi ni vitabu. Mwaka 1963, akiwa Rais wa jamhuri changa kabisa, Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar kwa Kiswahili. Mwaka 1969 aliitoa upya, imerekebishwa. Mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya The Merchant of Venice.

Madamu aliweka kitabu cha Kiingereza na cha Kiswahili juu ya meza moja, vimefunguliwa kwenye jalada la ndani. Hatukuvuka jalada kwa kipindi kizima.

Tulianza na Kaizari. Chapa ya mwaka 1963 ilikuwa na jina Julius Caezar, nusu ya kigeni, nusu imeanza kugeuka. Ya mwaka 1969 ni Juliasi Kaizari. Aliandika ubaoni jina la Kiingereza kwanza, kisha hayo mawili, moja chini ya jingine, akatuambia tuyatamke kwa sauti. La tatu ndilo lililotoka kinywani bila kujikwaa. Kati ya la pili na la tatu imepita miaka sita, na katikati yake kuna maasi ya jeshi ya mwaka 1964, Muungano, na Azimio la Arusha. Mtu aliyekuwa na nchi nzima mabegani alirudi kurekebisha irabu. Madamu aliisema sentensi hiyo akiwa ameugeukia ubao, na nadhani hakutaka tuone uso wake.

Kisha mabepari. Alituuliza neno la Kiingereza la jalada lina maana gani. Mfanyabiashara, tukajibu. Mmoja au wengi? Mmoja. Ni nani? Karibu darasa zima tukasema Shylock, na karibu darasa zima tukakosa, maana mfanyabiashara wa Venisi ni Antonio. Shylock ni mkopeshaji. Mkataba wake wa kukata nyama ya mwili wa mtu asiyelipa haukuhitaji maelezo mengi katika mji ambao watu wanaijua mikopo ya kausha damu.

Basi kwa nini Nyerere ameandika mabepari, tena kwa wingi? Wepesi wa kujibu tukasema ni siasa: Azimio la Arusha la mwaka 1967, vita dhidi ya ubepari, Rais ametia ujamaa ndani ya Shakespeare. Madamu akakubali kwa kichwa, akatutuma kwenye kamusi. Si moja. Alikuwa na mpya na alikuwa na kuukuu ya enzi za ukoloni iliyotoka kurasa. Katika ile kuukuu bepari ni mfanyabiashara tu, mchuuzi, neno lililotufikia na wafanyabiashara wa Kihindi. Ubaya wake umekuja baadaye. Kwa hiyo mfasiri alikuwa ameokota neno lenye sakafu mbili. Juu linasema siasa ya mwaka 1969. Chini, ukipiga hodi, ni tafsiri sahihi ya neno la Shakespeare, kwa maana yake ya zamani. Na kwa kulitia wingi amewaingiza Antonio na Shylock nyumba moja, na kutuuliza kama tofauti yao ni kubwa kama wanavyodhani wao.

Hadi leo nikikutana na mtu anayesema kutafsiri ni kuhamisha maneno, namkumbuka Madamu na ile kamusi iliyoshikwa kwa gundi. Alikuwa anatuonyesha kwamba mfasiri naye, usiku Msasani au Butiama, ameketi mbele ya neno kama sisi tulivyosimama mbele ya bomba la bluu, anapitisha kiganja, anatafuta mahali lilipolika.

Kwa mtihani alitunoa pia, tena kwa bidii, miezi mitatu ya mwisho, hoja sita na utangulizi na hitimisho. Tulifanya vizuri. Sina mengi ya kusema hapo.

Ninachotaka kusimulia ni likizo ile ya mwanzo, miezi miwili baada ya swali la penseli. Nilishuka Nyamuswa mchana, nikamwamkia bibi, nikanywa uji, nikaenda moja kwa moja kwenye kona ya jikoni anakoegesha majembe. Yeye alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni anapukuchua mahindi. Nikalitoa jembe lake nje kwenye jua.

Rangi ya asali haikuwepo. Mpini ulikuwa wa kijivu, na ni pale mahali pawili tu palipokuwa na wekundu mzito kama chai ya rangi. Kule mwisho palikuwa laini tu, pa mviringo. Karibu na jembe lenyewe, pale mkono wa mbele unaponyanyua, palikuwa na shimo. Dogo, la urefu wa kidole gumba, limezama upande mmoja tu wa mti. Upande wa pili mti ulikuwa karibu mzima. Jibu la swali la Madamu lilikuwa hilo, na ningeweza kwenda kuliandika.

Lakini nilitaka kuweka kidole changu pale. Nikalishika jembe kama ninavyolishika siku zote, mkono wa kulia mbele, wa kushoto nyuma. Kidole gumba kikaangukia upande mzima. Nikaugeuza mpini, jembe likaangalia juu. Nikadhani nimekosea, nikajaribu tena, nikainama kama mtu anayelima. Shimo lilibaki upande wa pili. Ndipo nikabadilisha mikono, wa kushoto nikauleta mbele, na kidole kikazama ndani ya mti kama kimepimwa.

Bibi anakula kwa mkono wa kulia. Anasalimu kwa mkono wa kulia, anapokea kwa mkono wa kulia, na mimi nimechapwa naye utotoni kwa kupokea kitu kwa kushoto. Nimelima nyuma yake, msimu juu ya msimu, mihogo na mtama na pamba, nikiutazama mgongo wake.

"Unatafuta nini huko, mume wangu?" akauliza bila kuacha mahindi.

"Bibi, kumbe wewe ni wa shoto?"

Mikono yake ikatulia. Akanitazama kwa muda, kisha akaangalia barabarani kama kuna mtu anasikiliza.

"Nani kakwambia?"

Nikamwonyesha mpini.